Mary Leakey na Makaburi ya Nakuru

Katikati ya mwaka 1937, mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa ameponea chupuchupu alianza kuchimba kilima kimoja nje kidogo ya mji wa Nakuru. Miezi michache nyuma alikuwa amelazwa hospitalini Nairobi, nimonia imeshika mapafu yote mawili, hali mbaya hata mama yake akafunga safari kutoka Uingereza akidhani anakuja kumzika. Hakuzikwa. Alipopata nguvu ya kusimama alikwenda Bonde la Ufa kufukua makaburi ya watu wengine. Hakuwa na shahada wala cheo, na hapakuwa na chuo kilichomtuma. Alichokuwa nacho ni jicho kali, mkono wa mchoraji, na mume ambaye jina lake lilikuwa limechafuka kule Cambridge.

Huyo ni Mary Leakey. Ukimtaja leo, watu wengi watakujibu kwa Olduvai na Laetoli: fuvu la 1959, nyayo za 1978, simba wa Serengeti na mahema. Nakuru haitajwi, au hutajwa kwa mstari mmoja. Ni dhuluma ndogo, kwa sababu uchimbaji wake mkubwa wa kwanza barani Afrika aliufanya hapa, juu ya kilima ambacho abiria wa matatu za Nairobi hukipita wakiwa wanatafuta nauli mifukoni.

Alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913, akaitwa Mary Douglas Nicol. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na familia iliishi kwa kuhamahama kufuata mwanga na bei nafuu ya maisha, hasa kusini mwa Ufaransa. Huko ndiko binti alikoonja kazi ya maisha yake. Pale Les Eyzies, mchimbaji mmoja Mfaransa, Elie Peyrony, alimruhusu yeye na baba yake kupekua udongo uliokwisha kutupwa na kujichukulia zana za mawe. Kijijini Cabrerets, Padre Lemozi aliwaingiza katika pango la Pech Merle kuona michoro ya kale ukutani. Mwaka 1926 baba akafa, Mary akiwa na miaka 13, na mama akamrudisha Uingereza kwa masista ili asome kama watoto wa wenzake. Shule ya kwanza ilimfukuza kwa kukataa kukariri mashairi. Ya pili ilimfukuza kwa kulipua kitu katika chumba cha kemia, na kwa kumbukumbu zake mwenyewe, mlipuko ule haukuwa ajali.

Kwa rekodi kama hiyo, mlango wa chuo kikuu haukufunguka. Alipenya dirishani. Alihudhuria mihadhara London bila kuandikishwa kwa shahada, na kila kiangazi akaenda kuchimba. Walimu wake wa kweli walikuwa wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa Dorothy Liddell, aliyemfundisha uchimbaji pale Hembury, kusini-magharibi mwa Uingereza, na kumkabidhi kazi ya kuchora zana zilizopatikana. Michoro hiyo ikaonwa na wa pili, Gertrude Caton-Thompson, bingwa wa akiolojia ya Misri na Zimbabwe, ambaye alimtaka amchoree zana za Fayum kwa ajili ya kitabu chake cha 1934. Mary alichora jiwe kana kwamba analisoma: kila kovu la pigo mahali pake, kila makali na upande wake. Ni Caton-Thompson aliyemkutanisha, mwaka 1933, na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, mtoto wa wamishonari, ambaye naye alikuwa akitafuta mchoraji wa kitabu.

Louis alikuwa na mke, Frida, na watoto wawili. Yaliyofuata yanajulikana: talaka mwaka 1936, ndoa na Mary mkesha wa Krismasi mwaka uo huo, na waungwana wa Cambridge kumgeuzia kisogo. Lakini ndoa haikuwa mkosi wake pekee. Mwaka 1935 mwanajiolojia P. G. H. Boswell alikuwa amefika Kanam na Kanjera, kando ya Ziwa Victoria, ili aonyeshwe mahali hasa Louis alipookota mabaki ya binadamu aliyodai ni ya kale mno. Louis hakuweza kuonyesha. Vigingi vya chuma alivyoviacha kama alama vilikuwa vimeshang'olewa na watu kwa matumizi yao, na picha moja aliyoitoa kama ushahidi ilikuwa ya mahali pengine. Boswell akaandika barua katika jarida la Nature, na sifa ya Louis ikaporomoka. Mary aliyaona matokeo ya hayo kwa karibu. Kama kuna mtu aliyejifunza thamani ya kuandika kila kitu kilipotoka, kwa vipimo na ramani, si aliyeaibishwa bali aliyekuwa amesimama kando yake.

Walirudi Kenya Januari 1937. Louis alikuwa amepata fedha za kuandika mila za Wakikuyu, akakaa Kiambaa kwa Chifu Koinange, akiwahoji wazee kwa Kikikuyu alichokizungumza tangu utotoni. Kazi hiyo haikuwa na nafasi ya Mary. Alitaka kazi yake mwenyewe, na alipopona aliipata Nakuru.

Nakuru ya wakati huo ilikuwa kitovu cha walowezi. Mashamba makubwa yalianzia kingo za ziwa hadi Njoro, Rongai na Soysambu kwa akina Delamere, na Mwafrika aliyeishi huko aliishi kama skwota, kwa kibali cha kumfanyia kazi mwenye shamba. Tume ya Ardhi ya Carter ilikuwa imetoa ripoti yake mwaka 1934 na kuipa mipaka ya nyanda za Wazungu nguvu zaidi. Walowezi wengi walipenda kusema kwamba waliikuta nchi tupu. Kilima cha Mary kilikuwa ndani ya shamba la familia ya Selfe, na Wazungu walikiita Hyrax Hill kwa sababu ya pimbi waliojaa katika nyufa za mawe yake. Louis alikuwa amekiona tangu 1926, alipokuwa akichimba makaburi mengine jirani, lakini hakukigusa.

Si kilima kirefu. Ni mwamba wa volkano wenye majani makavu, unaotazama Ziwa Nakuru kwa upande wa kusini. Enzi za kale, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, ziwa hilo lilipanda hadi likaungana na la Elmenteita, na maji yakakizunguka kilima. Watu walikaa hapo mara nyingi, kwa vipindi vilivyoachana kwa maelfu ya miaka, na kila kizazi kiliacha vitu vyake juu ya vya waliotangulia. Kileleni kuna ukuta wa mawe. Mteremkoni kuna mashimo ya mviringo yaliyoota nyasi. Kwenye mwamba pamechongwa safu za vishimo vya bao, mchezo ambao Wakikuyu huuita giuthi na Wamaasai enkeshui, na ambao hakuna Mswahili atakayehitaji kuelezwa.

Ugumu wa mahali kama hapo ni kutenganisha. Mchimbaji mwenye pupa atachota mfupa wa miaka 300 na kigae cha miaka 2,000 katika kikapu kimoja, kisha atunge hadithi moja tamu ya uongo. Mary alichimba kwa tabaka. Palepale kwenye makazi ya Enzi ya Chuma, chini yake na kandokando, alikuta kijiji na makaburi ya wafugaji wa Enzi ya Mawe: watu waliozikwa wamekunjwa, chini ya mawe. Akagundua jambo ambalo lingempita asiyeandika kila kaburi peke yake. Wanawake walizikwa na vyombo vya jiwe, sahani na mabakuli yaliyochongwa kwa mwamba wa volkano. Wanaume hawakuwa navyo. Katika jamii ambayo haikuacha maandishi wala jina, huo ni ukurasa mzima juu ya kazi za mwanamke na heshima yake.

Ilitakiwa pia uvumilivu wa aina nyingine. Wakati ule kipimo cha kaboni kilikuwa hakijavumbuliwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema makaburi hayo yana miaka mingapi. Wanazuoni wengi wa miaka ya 1930, Louis akiwamo katika kitabu chake cha 1935 juu ya watu wa kale wa Kenya, walijaza pengo hilo kwa kupima mafuvu na kuyagawia kabila na rangi. Mary hakuwa mtu wa siasa, wala tusimvishe joho lisilo lake. Lakini alielemea kwenye mawe, vigae na vipimo, na ndiyo maana ripoti yake inasomeka hadi leo ilhali vitabu vya mafuvu vimebaki kuwa vielelezo vya makosa ya zama zile.

Mashimo ya mteremkoni yalikuwa na kesi yao. Yametapakaa kwa maelfu kuanzia Nakuru kupitia Uasin Gishu hadi milima ya magharibi, na wazee wa Kikalenjin waliyaita ya Wasirikwa, watu waliokuwapo kabla yao. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford, Mwingereza aliyeishi miongoni mwa Wanandi, alikuwa ameandika kwamba mabaki ya mawe ya nyanda hizo ni ya ustaarabu uliotoweka, aliouita wa Azania. Hadithi ya wageni wa ajabu waliojenga kisha wakapotea iliwafaa wengi, kwa kuwa iliwanyima ardhi hiyo wazee wa watu waliokuwa wakiilima kwa kibali. Mary alichimba mashimo hayo Hyrax Hill na kukuta mambo ya kawaida kabisa: vigae vya vyungu, mifupa ya mifugo, jalala la nyumbani. Aliyatafsiri kama sakafu za nyumba zilizochimbwa ardhini, na akaeleza yalivyokaa, kipimo kwa kipimo.

Waliobeba udongo walikuwa vibarua Waafrika. Jina lililo juu ya ripoti ni moja.

Mwaka 1938 kazi ikahamia Njoro, na hapo palikuwa na hazina ya namna tofauti. Kwenye ukingo wa Mto Njoro, ndani ya shamba la Nellie Grant, mama yake mwandishi Elspeth Huxley, palikuwa na pango dogo. Mary na Louis walipolifukua walikuta mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa moto baada ya kufa. Kila mmoja, yaelekea, aliandaliwa kwa taratibu zilezile: mwili ukakunjwa na kupakwa udongo mwekundu, ukawekewa bakuli la jiwe, jiwe la kusagia na mchi wake, ukavishwa shanga, kisha ukachomwa humohumo.

Moto ulioharibu miili uliokoa kisichookoka kamwe. Katika udongo wa Bonde la Ufa mti huoza, kamba huoza, kibuyu huoza, na mwanaakiolojia hubaki na mawe na mifupa. Njoro vitu hivyo viligeuka makaa, na makaa hayaozi. Walipata chombo cha mti kilichochongwa kwa nakshi, vipande vya vibuyu, nyuzi zilizosokotwa, shanga za mbegu pamoja na zile za mawe ya rangi. Kuvitoa bila kuvivunja ni kazi ya kukata pumzi. Kipande cha makaa cha ukubwa wa ukucha kikiguswa vibaya huwa unga mweusi mkononi. Vilitoka, vikachorwa, vikachapishwa.

Vita vya pili vya dunia vilichelewesha kila kitu. Ripoti ya Hyrax Hill ilitoka 1945 katika jarida la Royal Society ya Afrika Kusini. Kitabu cha Njoro kilitoka Oxford mwaka 1950. Kipimo cha kaboni kilipokuja kutumika, makaburi ya Njoro yalionekana kuwa na umri wa takriban miaka 3,000. Wafugaji wale walitumia vyuma? La. Visu vyao vilikuwa vya obsidiani, kioo cheusi cha volkano kinachokata kuliko wembe, na uchunguzi wa kemia wa miaka ya 1980 uliunganisha mawe ya jamii hiyo na miteremko ya Mlima Eburru, kati ya Naivasha na Elmenteita. Kumbe nchi iliyosemwa kuwa tupu ilikuwa na ng'ombe, mbuzi, biashara ya mawe na mila za mazishi tangu kabla ya Yesu kuzaliwa kwa miaka 1,000. Ushahidi ulikuwa mezani. Hakuna mahakama ya ardhi iliyouita.

Bi Selfe alikubali kilima kihifadhiwe. Mwaka 1943 kilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, na mwaka 1965, Kenya ikiwa huru, nyumba ya shamba ikageuzwa makumbusho. Mary hakurudi kuchimba hapo. Alikuwa amejifungua Jonathan mwaka 1940. Deborah alizaliwa 1943 na kufa akiwa na miezi mitatu. Richard akaja 1944 na Philip 1949. Katikati ya hayo, mwaka 1942, alikuwa Olorgesailie, kusini mwa Ngong, kati ya mashoka ya mkono yaliyolala juu ya ardhi kana kwamba wenyewe wameondoka jana. Alichimba huko na wafungwa wa Kiitaliano. Mwaka 1948, kisiwani Rusinga, aliokota uso wa Proconsul, nyani wa kale wa mamilioni ya miaka. Mwaka 1951 akaenda Kondoa kunakili michoro ya mapangoni, na aliwahi kusema hakuna kazi iliyompa raha kama hiyo.

Kisha ikaja tarehe 17 Julai 1959. Louis alikuwa kitandani na homa, Mary akatoka na mbwa wake kutembea Olduvai, akaona mfupa na meno mawili makubwa yakichungulia ardhini. Hilo fuvu, Zinjanthropus, ndilo lililowaletea fedha na umaarufu. Louis alilitangaza duniani kote. Mary alibaki na eneo lenyewe: alifukua sakafu nzima ya kale, akaweka kila jiwe na kila mfupa kwenye ramani palipokuwa, maelfu kwa maelfu, na kitabu cha 1971 kilichotokana na kazi hiyo kikawa msahafu wa fani. Anayeijua ripoti ya Nakuru haoni ajabu. Njia ni ileile, tofauti ni umri wa udongo.

Alikuwa mgumu, na haifai kumpaka sukari. Alivuta sigara kubwa, alipendelea mbwa kuliko wageni, na alikata watu kwa maneno machache. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kiliwapa yeye na Louis shahada za heshima. Louis aliikataa yake kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, Mary akaipokea yake. Lilikuwa doa, na lilizidisha ufa katika ndoa iliyokwisha kulegea. Kwa upande mwingine, uchu wa kutafsiri haraka haukumpata. Mwaka 1978 mtafiti Donald Johanson alipotaka kuingiza mabaki ya Laetoli katika jina jipya la Australopithecus afarensis, Mary alidai jina lake liondolewe kwenye makala hiyo, na likaondolewa. Mwaka huohuo timu yake ilikuwa ikifukua Laetoli nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83.

Nakuru nayo haikusimama. Mwanaakiolojia John Sutton, aliyezunguka nyanda za magharibi kwa miaka, alirudi Hyrax Hill katika miaka ya 1980 na kuchimba mashimo upya. Akaonyesha kwamba hayakuwa nyumba. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyozamishwa ardhini kwa ulinzi, nyumba zikiwa pembeni na mlango ukiunganisha, samadi ikitupwa nje hadi ikafanya vichuguu. Na Wasirikwa hawakuwa wageni waliotoweka: walikuwa wafugaji wa kuanzia kama karne ya 12 au 13 hadi ya 18, na wengi wa wajukuu wao wangali hapahapa, miongoni mwa Wakalenjin na majirani zao. Sutton aliweza kumsahihisha Mary kwa sababu Mary alikuwa amemwachia vipimo. Maelezo yake yalikosea, michoro yake haikukosea, na tofauti hiyo ndiyo fundi hupimwa kwayo.

Mwaka 2019 mifupa ya wafugaji wa kale ilizungumza kwa njia ambayo Mary Leakey hakuiota. Mary Prendergast na wenzake, wakiwemo Elizabeth Sawchuk na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania, Hyrax Hill ikiwemo. Wafugaji hao hawakuwa kabila moja la kigeni lililoshuka likiwa kamili, kama walivyofikiri wapima mafuvu. Asili yao ilichanganyika kwanza huko kaskazini-mashariki mwa Afrika, kati ya watu wenye undugu na Mashariki ya Kati na wengine wenye undugu na watu wa Sudan ya leo. Kisha ikachanganyika tena na wawindaji waliokuwa tayari wakiishi Afrika Mashariki. Enzi ya Chuma ilileta wimbi jingine. Mtu mmoja aliyezikwa Deloraine, karibu na Rongai, kama miaka 1,200 iliyopita, alikuwa na nasaba inayofanana na ya wasemaji wa lugha za Kibantu, na Deloraine ndiko pia zilikopatikana dalili za kilimo za mapema kuliko kwingine kote katika eneo hilo la Bonde la Ufa.